Tawi Nililolifuta Mlangoni

Jumamosi ile, hapa Kisaka kwenye mji wangu, yaani boma langu, tulikuwa watu sita. Nilikuwepo mimi, mwenye mji tangu mzee alipofariki. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, niliyemlea tangu anatambaa na ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu. Alikuwepo mke mwenzangu, mke mdogo wa marehemu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya zizi na ambaye haji kwangu mpaka awe na shida. Siku hiyo shida yake ilikuwa chumvi. Halafu wanafunzi watatu wa kidato cha nne. Wa kwanza binti, mjukuu wa huyo mke mwenzangu, kwa hiyo mimi ananiita bibi mkubwa. Wa pili kijana mmoja mrefu, mtoto wa jirani anayefua mashuka kwenye kambi ya watalii huko upande wa Natta. Wa tatu mtoto wa mgeni aliyetoka Geita kufuata dhahabu Tarime. Dhahabu ikamshinda, akaja kulima hapa kwetu. Na wa saba ni ng'ombe wangu wa rangi ya udongo, mwenye mimba, alikuwa amefungwa kivulini karibu na ghala. Namtaja kwa sababu bila yeye hakuna habari.

Majina yao wote ninayo kichwani, pamoja na ya baba zao na mama wa baba zao. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hapa siyaandiki. Mjukuu wangu alisema, "Bibi, mtu hapendi kukuta jina lake kwenye daftari la mwenzake," nami nikaona ana haki.

Sasa nieleze ni nini kilichokuwa kinatutia hofu.

Mjukuu wangu amesoma mpaka chuo, lakini ajira ya serikali haijamfikia. Alikuwa anajitolea katika sekondari ya hapa, mwaka wa pili ule. Wiki hiyo mkuu wa shule alimwita akamwambia wazi: Ijumaa ijayo mdhibiti ubora anakuja kutoka Mugumu, ataingia darasani kwake, atakaa nyuma na kumtazama akifundisha. Akiridhika, mwalimu ataendelea na watoto wake mpaka mtihani wa taifa. Asiporidhika, vipindi watapewa walimu wengine na yeye arudi nyumbani. Nyumbani maana yake si kwangu. Mama yake yuko machimboni Tarime anapikia wachimbaji, na kila wiki anapiga simu: "Unahangaika na chaki ya nini? Njoo, kibanda kinakungoja." Binti yangu huyo alikwenda machimboni kwa mwezi mmoja tu, akatafute mtaji. Sasa ni mwaka wa ishirini na tatu. Kwa hiyo mtu akitaja machimbo mbele yangu, nabadilisha habari.

Somo atakalotazamwa akifundisha ni lile la uwezekano, na mchoro wake wanauita mti. Watoto walikuwa wanalikimbia. Ndiyo akawaita wale watatu, ambao darasa zima huwafuata, waje Jumamosi wafanye mazoezi nyumbani. Wakielewa wao, Jumatatu watawavuta wenzao. Ubao hatuna, akatumia mlango wa bati wa ghala langu, ule uliopakwa rangi nyeusi.

Mimi nilikuwa nawaletea uji. Nikakuta amechora nukta, kwenye nukta imetoka mistari miwili kama njia panda, na kwenye ncha ya mstari mmoja imetoka mingine miwili.

"Bibi, sogea uone," akasema. "Huyu hapa ni ng'ombe wetu. Akizaa, ndama ataishi au atakufa. Hayo ni matawi mawili. Akiishi, atakuwa jike au dume. Mawili tena. Kila tawi linapata namba yake."

Kiingereza alikuwa amekiacha ili wote waelewe. Kwa hiyo nilisoma mwenyewe. Pale kwenye tawi la chini paliandikwa: atakufa.

Kwetu ng'ombe mwenye mimba hasemwi. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo wiki niliyoolewa: usiseme atazaa lini, usiseme atazaa nini, na mtu akikuuliza mjibu "tunamwangalia tu," basi. Sasa huyu mtoto amemwandikia ndama kifo, kwa chaki nyeupe, na mama mtu amesimama hatua nne kutoka hapo anatafuna. Nikaweka sufuria chini. Nikashika ncha ya kitenge changu, nikalifuta lile tawi, mstari na neno lake.

"Hapa kwangu hapana," nikasema. "Kifo kaandike mlangoni kwa mtu mwingine."

Mke mwenzangu, na chumvi yake mkononi, akaunga mkono, jambo ambalo halitokei mara nyingi: "Mkubwa amesema kweli. Mtoto amesoma mpaka amesahau kuogopa."

"Bibi, ni mfano tu."

"Mfano una masikio."

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Mjukuu wangu aliangalia mlango, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa, bibi." Angeweza kulichora tena nikishaondoka. Hakulichora, kwa heshima tu. Akaendelea na tawi lililobaki, jike na dume, watoto wakanywa uji wakaenda. Mimi niliona nimeokoa ndama wangu. Nililala vizuri.

Jumatatu akafundisha darasa zima, vizuri, matawi yote. Jumanne akawapa jaribio. Mchana wa Jumanne alikaa jikoni kwangu na zile karatasi magotini, mimi napepeta mahindi, nikaona kalamu nyekundu inakwenda, inasimama, inakwenda, inasimama. Halafu ikaacha kabisa.

"Wamekosa?" nikauliza.

"Wamekosa wote kosa moja."

"Wote?"

"Thelathini na kitu, kati ya arobaini na mmoja. Nimewauliza mkulima aliyepanda mahindi. Mvua inyeshe au isinyeshe, kisha avune au asivune. Angalia." Akanyoosha karatasi moja. Nikaona nukta, mstari mmoja, na mbele yake mstari mmoja. Ulikuwa kama fimbo, si mti.

"Mvua kutonyesha wameiweka wapi?"

"Hawajaiweka, bibi! Na kutovuna hawajakuweka."

"Labda wanaiogopa njaa," nikasema, nikijaribu kumchekesha. Hakucheka.

"Kila kinachoweza kutokea kina tawi lake," akasema, na nikajua anajisemea mwenyewe, anajipanga. "Hata kile usichokipenda. Namba za matawi yote zikijumlishwa ziwe moja. Tawi moja likikosekana, hesabu yote imeharibika. Kwa nini hawalioni?"

Nilipepeta mahindi ambayo hayakuwa na takataka tena. Mimi nilijua kwa nini. Nilijua tangu nilipoiona ile fimbo. Nikaendelea kupepeta.

Jumatano akawaambia darasani waziwazi: chora tawi baya pia, ni amri. Wakachora. Lakini kwenye tawi baya kila mmoja akaandika sifuri, na kwenye zuri akaandika moja. Mvua itanyesha, moja. Haitanyesha, sifuri. Hata mwenye kulima milimani anajua hiyo si kweli. Akamsimamisha yule kijana mrefu, kwa nini sifuri? Kijana akajibu kwa adabu zote: "Mwalimu, umesema tulichore, tumelichora. Namba yake ndiyo tumeinyima. Kwa bibi tawi lilifutwa, na wewe hukulirudisha."

Haya alinisimulia mwenyewe aliporudi, amesimama mlangoni, begi la madaftari bado begani. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu.

"Si watu watatu tu walioona?" nikasema.

"Hao watatu wamewaambia wenzao, bibi. Wanasema kwenye mambo mabaya kanuni ni kuyaacha. Wanafikiri ni kanuni ya hesabu." Akashusha begi. "Na Ijumaa huyo mama mdhibiti hatanitazama mimi peke yangu. Mkuu anasema huwa anawaita watoto wenyewe ubaoni."

Halafu akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia maji. Nikachungulia. Alikuwa anaosha lile begi lake kubwa la safari, lile alilokwenda nalo chuo. Analisugua na sabuni, pole pole, kama mtu asiye na haraka ya kulitumia lakini anajua litatumika.

Ugali wa jioni niliuacha, nikatoka nje. Nilikaa nikimwangalia ng'ombe wangu. Kiwele kilikuwa kimeanza kujaa. Nikafikiri: nilichofanya kwa ncha ya kitenge, mara moja tu, watoto arobaini wamekibeba kwenda nacho kwao. Nikirudisha lile tawi, na ndama akafa, nitakuwa nimemwita mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nisiporudisha, huyu hapa ataondoka na begi safi. Nilipima huku, nikapima huku. Nilikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mimba na mjukuu mmoja, na nilitaka wote wawili, na nilikuwa naogopa kwa ajili ya wote wawili.

Alhamisi, mapema, nilimwita yule binti alipokuwa anapita kwenda shule. "Mkitoka, njooni wote watatu. Mwambie na mura, yule kijana mrefu, asiseme ana mpira."

Walikuja. Mjukuu wangu alikuwa bado shuleni kwenye kikao. Sikuwapa uji kwanza. Nilichukua kipande cha chaki alichokiacha juu ya dirisha, nikaenda mlangoni. Mti wa Jumamosi ulikuwa bado upo, nusu, na pale nilipofuta palikuwa na weupe kama moshi. Nikachora mstari. Haukunyooka, lakini ulikuwa mstari.

"Haya, andika," nikampa chaki yule mrefu. "Atakufa."

Akarudi nyuma. "Bibi, andika wewe."

"Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu."

"Tutausoma hivyo hivyo."

"Unaogopa?"

"Ng'ombe ni wako, bibi. Mimi nitaandikaje kifo cha ng'ombe wa mtu?"

Alikuwa na haki. Basi nikaandika, herufi kwa herufi, nikitamka kila moja kimoyomoyo kama nilivyofundishwa zamani: a, ta, ku, fa. Ng'ombe aliinua kichwa akanitazama.

"Na namba?" akauliza binti. "Tuweke sifuri, bibi mkubwa?"

"Si sifuri. Wamewahi kufa."

"Wangapi?"

Hapo nikakwama. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa kidole. Jioni wakiingia zizini humwambii mtu "wako kumi"; unawaangalia tu, unajua nani hayupo, kwa sababu kila mmoja ana jina. Sijawahi kujua ndama wangu wamekuwa wangapi. Ninawajua tu.

"Idadi sina," nikasema. "Majina ninayo."

"Basi wataje," akasema yule mtoto wa Geita, naye akaenda jikoni kwangu bila kuuliza, akarudi na maharage kwenye kiganja kimoja na mahindi kwenye kingine. "Aliyeishi, harage. Aliyekufa, hindi. Wewe sema tu, bibi, sisi tutaweka."

Nikaanza na ndama wa kwanza kabisa, wa ng'ombe yule aliyeingia nyumba yangu nilipojifungua binti yangu wa kwanza. Nikamtaja, na mama yake. Harage. Wa pili, mwenye doa jicho la kushoto. Harage. Wa tatu, aliyekufa kwa kuharisha wakati wa masika. Nikasita. Binti akanitazama. "Hindi," nikasema mwenyewe. Nikaendelea. Majina yalikuja kama ng'ombe wenyewe wanavyokuja jioni, mmoja nyuma ya mwingine, wengine wanasukumana. Nilimtaja yule aliyekuwa ananyonya nguo zikiwa kambani. Nilimtaja aliyeuzwa kwa ada ya chuo, ambaye alipopakiwa kwenye gari nilijifungia ndani. Nilipofika kwa huyu wa rangi ya udongo, yeye mwenyewe alipokuwa ndama, nikasema basi, wameisha.

Wakahesabu. Maharage kumi na tano, mahindi manne.

"Kumi na tisa," akasema mtoto wa Geita, akakunja uso. "Kumi na tano kwa kumi na tisa. Bibi, ng'ombe wako hawagawanyiki."

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. "Umemruka mmoja."

Mke mwenzangu alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Sijui alikuwa hapo tangu ndama wa ngapi.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimruke ng'ombe wa nyumba yangu?"

"Umemruka."

"Wewe uliyesahau hata siku ya kuolewa kwako, leo unanikumbusha mimi? Mtaje jina!"

"Hakuwa na jina."

Wanafunzi wakamgeukia. Mimi pia.

"Mwaka ule mzee alipolazwa Mugumu," akasema, na alisema taratibu, si kwa ugomvi. "Wewe ulikuwa hospitali naye. Ng'ombe wako mweusi alizaa asubuhi, ndama akafika mpaka saa sita mchana, akafa. Nani alimzika, Mkubwa? Ni mimi, na mtoto mgongoni. Uliporudi nilikwambia. Ukasema 'sawa,' ukaenda kuwasha moto."

Nikakumbuka. Si ndama, kwa sababu sikumwona. Nilikumbuka ule moto, kuni zilivyokuwa mbichi, na mtu ananiambia jambo nyuma yangu na mimi nafikiria mume wangu. Sikumpa ndama yule jina. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila nilipowaita kichwani mwangu, yeye hakuitika, nami nikaamini wote wapo.

"Muongeze," nikasema.

Binti akachukua hindi moja akaliweka pamoja na mengine manne. Hakuna aliyecheka. Halafu yule wa Geita, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, akasema, "Kumi na tano kwa ishirini. Robo tatu! Na kufa, robo moja. Bibi mdogo, wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

"Mimi najua kuzika tu, mjukuu wangu," akasema mke mwenzangu, akakaa chini kwenye gogo, jambo ambalo hajalifanya kwangu miaka mingi.

Tukarudia yale maharage kumi na tano: majike tisa, madume sita. Mjukuu wangu alifika tukiwa hapo, vumbi la njia miguuni. Akausoma mlango tawi kwa tawi. Alimwomba binti azidishe namba kufuata matawi, binti akazidisha. Ndama aliye hai na ni jike, tisa kwa ishirini. Aliye hai na ni dume, sita kwa ishirini. Aliyekufa, tano kwa ishirini.

"Jumlisha."

"Ishirini kwa ishirini."

"Ambayo ni?"

"Moja," wakasema wote watatu.

"Na mkifuta lile la chini?"

Yule mrefu akalitazama neno langu lililopinda. "Haifiki, mwalimu."

Wakaondoka bila kugusa uji, walikuwa wanabishana njiani. Mjukuu wangu akaniuliza, "Nani ameandika hii 'atakufa'?"

"Mwizi," nikasema. "Amepita hapa mchana."

Akanishika bega. Begi lake lilikuwa bado kwenye kamba, limekauka.

Ijumaa sikuweza kukaa nyumbani. Nilikumbuka kwamba mke mwenzangu bado hajapeleka mchango wa mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi, nikaenda nikamwambia nitaupeleka mimi.

"Tangu lini ukabeba mahindi ya mjukuu wangu?"

"Tangu leo. Nipe debe, acha maneno."

Nililitua debe jikoni kwa shule, kisha nikapita njia ndefu, ile ya nyuma ya madarasa. Kidato cha nne dirisha lake halina kioo. Nikasimama pembeni, pale anapokaa yule mtoto wa Geita. Nilimwona mama mdhibiti nyuma, miwani, daftari kubwa. Nilimwona mjukuu wangu mbele. Wengine waliona mwalimu anafundisha. Mimi niliona ile shingo yake, inavyokaza tangu utoto akijua anatazamwa. Alikuwa anasema Kiingereza, sikukielewa. Lakini mti niliuelewa. Alichora matawi mawili na sikuona mkono wake ukisita.

Halafu mama mdhibiti akasimama akasema jambo. Yule wa Geita akanipenyezea maneno bila kugeuka: "Anataka mtu atoe mfano wake mwenyewe. Si wa kitabuni."

Hakuna aliyesimama. Nilihesabu pumzi zangu, mimi ambaye sihesabu. Mjukuu wangu alikuwa anatazama sakafu. Ndipo yule binti, mjukuu wa mke mwenzangu, akasukuma kiti. Akaenda ubaoni, akaweka nukta, akatoa mistari miwili, akaandika. Darasa likaguna.

"Ameandika nini?"

"Ameandika mwalimu, bibi."

"Mwalimu amefanya nini?"

"Juu, anabaki. Chini, anaondoka."

Mkono wangu ulikuwa umeshika ncha ya kitenge. Kweli nawaambia, kama si ule ukuta, ningeingia.

Na namba aliandika. Kwenye kubaki, moja kwa nne. Kwenye kuondoka, tatu kwa nne. Hizo niliziona mwenyewe.

Mama mdhibiti akaacha Kiingereza. "Hizi namba umezitoa wapi?"

"Walimu wa kujitolea waliowahi kuja hapa kabla ya huyu ni wanne, mama. Tuliwataja majina jana jioni, mmoja mmoja. Watatu waliondoka. Mmoja bado yupo."

"Na huogopi kuandika hivyo, mwalimu wako amesimama hapo?"

Binti akamgeukia mjukuu wangu, kisha akautazama ubao. "Naogopa. Lakini yasipofika moja, nimekosa."

Akaendelea. Akibaki, wafaulu au wafeli. Akiondoka, wafaulu au wafeli. Hayo akayapa nusu kwa nusu, akasema hapo hawana kumbukumbu, wamekadiria. Akazidisha kila njia, akajumlisha, akapata moja, akarudi kukaa. Mama mdhibiti akaandika kwenye daftari lake muda mrefu, na uso wake haukuonyesha kitu. Miguu yangu ikaniambia tuondoke, nikaondoka. Njiani nilikuwa najiuliza, huyu mtoto ametusaidia au ametumaliza?

Tulikaa Jumamosi na Jumapili hivyo, tunapishana jikoni. Jumatatu mkuu akamwita. Ataendelea mpaka watoto wafanye mtihani. Baada ya hapo wataona tena. Alipoleta habari hiyo nilishangilia, nikampigia simu mama yake huko machimboni nikamwambia kibanda kiendelee kungoja. Lakini nilipokata simu nikafikiri: mpaka mtihani, kisha wataona. Kwa hiyo lile tawi la chini bado lipo. Lile begi amelikunja akaliweka juu ya kabati, na kila nikiingia chumbani kwake jicho langu linaanzia hapo.

Ng'ombe naye bado. Tangu jana amejitenga na wenzake, majani anayanusa anayaacha. Mlango wa ghala sijaufuta. Mvua ikipiga upande ule chaki inafifia, nami narudia mistari, hata ule wa chini, hasa ule wa chini. Hofu haijaniacha. Ikiwa ndama atakufa sijui nitajiambia nini. Mjukuu wangu anasema robo ilikuwa robo kabla sijaandika na ni robo baada ya kuandika. Najaribu kumwamini. Lakini safari hii nimeandaa majina matatu: moja la jike, moja la dume, na moja la yule atakayefika saa sita mchana asiende mbele zaidi, ili nikiwaita siku nyingine naye aitike.

Haya ndiyo niliyoyaona. Kama nawe ulikuwepo, au ulisimuliwa na aliyekuwepo, na unaona mahali nimekosea, njoo uniambie, usinionee haya kwa sababu ya uzee. Mke mwenzangu tayari ana lake: anasema Jumamosi ile hakuja kuomba chumvi, alikuja kurudisha. Sikubali, lakini nimeiandika. Na kama kuna mtu au mnyama niliyemruka kwa sababu hakuna aliyempa jina, huyo nitajie kwanza. Mlango ni mpana, nafasi bado ipo.